Matairi Manne ya Kuazima

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua na gari lile. Walisema wazi, kwenye parking ya magari yaendayo Lubudi, mimi nikiwa nimesimama palepale na ufunguo mkononi. Mmoja alisema gari dogo lililokulia Dar es Salaam limezoea lami, tope letu litalimeza zimazima. Mwingine alisema fundi aliyesomea ubaoni hulia anapokutana na kilima cha kwanza. Na dereva mmoja mnene, mwenye mdomo kuliko wote pale, alilizunguka gari mara mbili, akagonga boneti kwa kidole, akaniambia:

"Muprofesa, hii gari iko muzuri sana. Siku ile utachoka naye, utaniuzisha biti. Biti tu. Ingine yote utaachia mvula."

Biti kwetu ni viti. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua nilikotoka. Nilizaliwa Kolwezi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana kufanya kazi ya mgodi, baba akafuata, na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kukataa. Niliondoka na mfuko mmoja wa nguo. Nilikaa Dar miaka tisa, mchana nikiosha injini kwenye gereji, jioni nikisoma, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa magari yenye muhuri na saini mbili. Gari lenyewe nililinunua likiwa limekunjika mbele. Nililinyoosha kwa mikono yangu, nikalipaka rangi mwenyewe, nikaliendesha kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, na kutoka Kasumbalesa mpaka mlangoni kwa dada yangu. Hakuna aliyenisukuma hata hatua moja. Diploma iko ukutani sebuleni, ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione.

Nilianza kubeba abiria kati ya Kolwezi na Lubudi wakati wa kiangazi, na kiangazi chote gari lilikimbia kama jipya. Lakini matairi niliyotoka nayo Dar yalikuwa yamekwisha. Kufikia mwezi wa tisa yalikuwa vipara kabisa, yanang'aa. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kila mtu pale parking alikuwa anasubiri kuona nitanunua nini.

Huku kwetu matairi mengi ni ya mitumba, yanatoka Ulaya ndani ya makontena. Watu huyaita pneu za Bulaya. Nilikwenda kuyachagua siku ya Jumamosi, na sikwenda peke yangu: madereva wasiopungua kumi walinifuata, kila mmoja akidai anapita tu. Nikaona ni nafasi ya kuwaonyesha tofauti kati ya dereva na fundi. Nikasimama mbele ya lundo, nikavuta tairi moja lenye kashata ndefu (kashata ni yale meno ya tairi, neno nililolipata Dar), na juu ya kila kashata kulikuwa na vipasuo vidogovidogo kama vya wembe. Ubavuni palikuwa na mchoro wa mlima, na ndani ya mlima nyota ya theluji.

"Munaona hii?" nikawaambia. "Hii pneu ni ya theluji. Theluji ni maji yaliyoganda. Kama inashika kwenye maji yaliyoganda, itashindwa na tope la Lubudi?"

Yule mnene alijikuna shingo. Nikaendelea, nikaeleza jinsi kila kipasuo kinavyouma barabara, nikatumia maneno ya darasani ambayo hata muuza matairi aliyasikiliza mdomo wazi. Na nilipokuwa nikigeuza tairi kuwaonyesha ubavu wa pili, nikaona tarakimu nne zile ambazo kila fundi anazijua, zinazotaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi lile lilikuwa kuukuu kuliko diploma yangu. Mpira ukizeeka namna hiyo huwa mgumu, na mpira mgumu juu ya maji ni sawa na sabuni. Tena tairi la nchi za baridi, kwenye joto letu, kashata zake huyumba na kuisha upesi. Yote hayo nilifundishwa, na mtihani wake nilifaulu.

Lakini nilikuwa nimeshasema. Watu kumi walikuwa nyuma yangu. Nilifunika tarakimu kwa kiganja, nikalipa matairi manne, nikaondoka kifua mbele.

Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Miezi ya kiangazi malori humwaga dizeli na vumbi juu ya lami, na mvua ya kwanza huvichanganya vikawa supu. Nilikuwa natoka Lubudi na abiria wanne, tumebakisha mteremko mmoja kuingia mjini. Nikakanyaga breki taratibu, kama inavyotakiwa. Matairi yakanyamaza. Gari likaanza kwenda upande, polepole sana, polepole hata mama mmoja kiti cha nyuma akapata nafasi ya kuuliza swali zima:

"Tata, sasa tunaenda wapi?"

Tulikwenda kwenye mtaro. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mtaro ule ulikuwa umejazwa mawe yenye ncha. Matairi mawili yalipasuka ubavuni, la tatu likatoa uvimbe kama jipu. La nne lilibaki zima, na lenyewe nililichukia kuliko yote. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, likapandishwa juu ya matofali uwanjani, magurudumu yamening'inia. Sehemu ninayokaa haiko mbali na Kasulo, ambako watu wamechimba chini ya vyumba vyao wenyewe wakitafuta kobalti. Siku ya tatu jirani alikuja, akalisalimia gari kwanza kabla ya kunisalimia mimi.

"Tata, gari yako haitembeake tena. Hapa chini yake unaonaka aje? Tunaweza kufungua kashimo kadogo, gari inakuwa paa yetu."

Nikamjibu kwamba gari linarudi barabarani wiki hiyohiyo. Nilisema tena kabla ya kufikiri. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema, ilibidi litembee.

Ndipo nilipokwenda kuazima.

Madereva wa kwetu wana desturi ambayo sikuikuta Dar wala Zambia. Mtu akikuazima tairi, huchukua kijiti cha kiberiti, hukisimamisha ndani ya mfereji wa tairi, mahali palipotiwa alama ya rangi, kisha hukivunja sawasawa na kimo cha kashata. Kile kipande anakitunza yeye. Siku ya kurudisha, kinasimamishwa palepale. Kikizama sawa, mmeagana vizuri. Kikitokeza kwa unene wa ukucha, unasamehewa. Kikitokeza zaidi ya ukucha, huachi tairi hilo tu. Unaleta jingine jipya kutoka dukani, bado lina karatasi yake. Desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya dharura, mtu anaazima siku mbili, tatu, anarudisha. Mimi niliomba msimu mzima wa mvua.

Wakopeshaji wangu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee aliyeendesha malori kati ya Kolwezi na Lubumbashi miaka thelathini, sasa amestaafu, na kila mtu parking humwita Tata, yaani baba, si kwa adabu tu kama wanavyoniita mimi. Alinipa mawili. Wa pili ni shemeji yangu, mume wa dada, karani wa kontrakta mmoja wa mgodi. Alinipa tairi lake la akiba. Wa tatu alikuwa mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, muuza samaki wakavu, ambaye gari la marehemu mumewe limeegeshwa uani kwake chini ya turubai. Alikubali kunifungulia tairi moja, tukaweka mawe mahali pake. Alivunja kijiti mwenyewe, kwa utaratibu, akakipuliza vumbi, akakiweka ndani ya Biblia.

"Mi sikusoma, Tata," akaniambia, akikigusa kijiti. "Hii alimeti njo inasoma."

Nilirudi barabarani wiki hiyohiyo, kama nilivyoahidi. Na hapo ndipo nilipogundua nimejifungia ndani na ufunguo nimeuacha nje.

Hesabu ilikuwa hivi. Kila safari ya Lubudi ilikula kashata. Nilikuwa na kipimo cha chuma nilichotoka nacho Dar, nikapima kila Jumapili, nikaona zinavyopungua. Nisipoendesha, sipati fedha ya kununua matairi yangu. Nikiendesha, nakula ya watu, na matairi mapya manne ya karatasi bei yake ilikuwa karibu ya gari lenyewe. Kwa maneno mengine, vijiti vinne vikitokeza, gari linauzwa. Na likiuzwa, miaka tisa yangu inageuka kuwa hadithi ya kuchekesha pale parking, na viti anachukua yule mnene.

Isitoshe, wakopeshaji walikuwa na masharti. Mzee alitaka nisipite njia ya Mutoshi, kwa sababu ya mawe. Hilo lilikuwa la haki. Lakini shemeji alinipigia simu wakati wowote: saruji, mbuzi, wageni wa kutoka Likasi. Nikikawia alikohoa kwenye simu, akauliza, "Shemeki, pneu yangu iko muzima?" Nami nilielewa. Mama naye alitaka kupelekwa kanisani kila Jumapili, na kwenye mazoezi ya kwaya kila Jumatano, yeye na wenzake watatu. Siku moja nilimweleza, kwa heshima, kwamba kila anaponituma anakula tairi lake mwenyewe, halafu mimi ndiye nitakayelilipa.

"Njo vile," akakubali, akipanga kitenge chake vizuri kwenye kiti cha mbele. "Ni yangu, naikula. Weye uliomba kuikula pamoja na mimi."

Wenzake nyuma wakapiga makofi. Niliendesha mpaka kanisani. Nilikuwa mtu mwenye diploma, mwenye gari, na hakuna kona niliyokata kwa hiari yangu.

Mwezi wa kumi na mbili ulinikuta kwenye kilima, nusu ya njia, nikitoka Lubudi kurudi Kolwezi. Ilikuwa asubuhi. Lori la saruji lilikuwa limekwama juu, limekaa mshazari, jingine nyuma yake, na nyuma ya hilo magari madogo sita, la tatu likiwa langu. Kushoto mtaro, kulia ukingo wa udongo mwekundu unaoporomoka. Mvua ilinyesha bila haraka. Nilikuwa na mama wawili wenye magunia ya maharagwe, mwalimu mmoja, na mchimbaji aliyekuwa anarudi mgodini kutoka likizo na redio mpya mapajani. Lori lilipojisogeza kidogo, nafasi ikafunguka upande wa ukingo, na magari mawili ya mbele yetu yakapita kwa kukoroga tope, magurudumu yakizunguka na kupiga kelele.

"Kanyaga, vieux!" mchimbaji akasema, akiniita mzee kwa Kifaransa. "Kanyaga sasa!"

Sikukanyaga. Chini ya tope lile walikuwa wamemwaga kokoto, niliziona zikiruka nyuma ya magari yale. Magurudumu yakizunguka papo hapo juu ya kokoto, dakika moja inakula kashata za mwezi mzima. Niliweka mikono mapajani.

"Tata dereva," mama mmoja akaita. "Unasali?"

"Anasali," mwalimu akasema. "Tumuache amalize."

Nikawaambia tunangoja tope lishuke. Lilikuwa jibu la kijinga, kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha, na wote waliijua barabara ile. Walishuka, wakasukuma, wakateleza, wakarudi ndani wamejaa udongo hadi magotini, wakakaa wakinitazama kisogo. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Madirisha yalifunikwa na pumzi zetu. Nilihisi kama gari limezama na sisi tumo ndani yake, na kitu chenyewe kinachotushikilia si tope, ni vijiti vinne vya kiberiti vilivyolala Kolwezi.

Karibu saa saba nikasikia honi nyuma. Ilikuwa teksi ya yule mnene, imejaa watu na kuku. Ilipanda taratibu, bila kelele, gurudumu moja juu ya ukingo, ikanifikia ubavuni, akashusha kioo.

"Muprofesa! Biti biko salama?"

Abiria wangu walicheka. Abiria wangu mwenyewe. Nilitazama magurudumu yake yakipita karibu na uso wangu. Hayakuwa na kashata ndefu. Yalikuwa na mifereji minne mipana inayozunguka tairi lote bila kukatika, na maji yalikuwa yanaruka kutoka kwenye mifereji ile kama yametumwa. Mpira ulijinyoosha juu ya jiwe, ukalikumbatia, ukaliachia. Ulikuwa laini. Ulikuwa mpya. Mtu asiyejua kusoma neno "mekanika" alipanda kilima kile kwa matairi ambayo mimi ndiye niliyefundishwa kuyachagua.

Mwishowe nilitoa upepo kidogo kwenye magurudumu yote, nikachimba mbele ya kila moja kwa mikono, nikatandika magunia matupu ya mama mmoja, nikapanda kwa gia ya pili bila kuzungusha hata mara moja. Nasema hili kwa sababu ni kweli: dereva asiye fundi asingeliweza. Tuliingia Kolwezi jua likiwa bado juu. Nilipima. Mawili ya mzee, yaliyokuwa nyuma, yalikuwa bado ndani ya ukucha. La shemeji na la mama, ya mbele, yalikuwa yameshapita.

Siku hiyohiyo nililirudisha gari juu ya matofali, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Matairi manne nikayaosha, nikayaingiza ndani, nikayalaza chini ya diploma. Kisha nikaenda kwa mzee, nikamuuliza nani alimchagulia yule mnene matairi yake.

"Mi," mzee akasema. "Bote pale parking, kabla ya kulipa pneu, wanakuyaka kwangu kwanza. Miaka yote. Weye hukukuya."

"Hamkuniambia."

"Ulikuwa unasema. Mutu akiwa anasema, tunangoja amalize."

Sitaki ieleweke kwamba diploma haikufaa kitu. Ilinilisha miezi miwili iliyofuata. Nilikwenda kwenye maegesho ya malori, nikalala mgongoni chini ya trela, nikafunga breki, nikabadilisha beringi, nikaziba mabomba ya upepo. Nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, suti ya kazi imejaa grisi, nikipita mbele ya parking mara mbili kwa siku. Walinipigia honi. Walinitolea nauli ya nusu bei. Shemeji alipopiga simu nilimwambia gari limelala. Mama alipokuja mwenyewe Jumapili, amevaa viatu vyake vyeupe, alilitazama gari juu ya matofali, akanitazama mimi, akaenda kanisani kwa pikipiki akiwa amekasirika.

Fedha ilipotimia, nilimchukua mzee tukaenda kwenye yale malundo. Hakuna aliyetufuata. Mzee hakutazama kashata hata kidogo mwanzoni. Alitema mate kwenye kiganja, akakipitisha juu ya mpira kwa kuugandamiza, akasikiliza kama mkono unateleza au unakwama. Kisha akachomeka ukucha wa dole gumba. Ukucha ukiingia na alama ikarudi polepole, aliliweka tairi kando. Usipoingia, alilisukuma kwa mguu. Baada yake nilikuja mimi, nikapekua tarakimu nne, nikatazama mifereji kama inazunguka bila kukatika, nikatafuta ile herufi ya mshiko wa maji ambayo baadhi ya viwanda huiandika ubavuni, nikataka A na si chini yake. Mzee alishangaa sana kuhusu tarakimu. Miaka thelathini amegusa matairi na hakujua yameandikwa umri wao. Nilimfundisha kuzisoma palepale, na yeye akanifundisha kutema mate vizuri, maana kuna namna yake.

Tulikaa kuanzia asubuhi mpaka mchana. Muuzaji alichoka, akatuuliza kwa wingi wa Tata:

"Batata, munaoa pneu ao munanunua?"

"Ya kwanza ilikuwa ndoa," mzee akamjibu. "Hii ni ya pili. Tunaangalia muzuri."

Tulipata manne, ya aina moja, yenye umri wa miaka miwili, laini, mifereji mipana. Nilikwenda kuyajaribu upande wa Mutoshi, siku ambayo mvua ilikuwa imegoma. Njia za huko hazikauki: lori la maji la mgodi hupita kutwa nzima likimwaga maji kuua vumbi. Nilijipanga nyuma yake, karibu, maji yakinipiga kioo, nikaongeza mwendo, nikakanyaga breki. Gari likashika. Nikafanya tena. Likashika tena, limenyooka, pua mbele. Mara ya sita dereva wa lori alisimama, akatoa kichwa.

"Uko muzima weye? Unataka kuoga?"

Nilimpungia mkono. Niliendesha kurudi nikiimba, na siimbi vizuri.

Lakini nilikuwa bado nadaiwa matairi mawili mapya, na hilo lilinirudisha chini ya malori wiki nyingine nne, jioni baada ya safari za Lubudi. Niliyanunua dukani, yana karatasi. Mtu mwingine angejifungia yeye hayo mapya na kuwapa watu mitumba. Mimi niliendesha kwa mitumba.

Siku niliyowalipa wote ilikuwa Jumamosi. Nilianza kwa mzee. Vijiti vyake viwili, ambavyo alikuwa akivitunza kwenye ukanda wa kofia, vilizama, kimoja sawa kabisa, kingine kikitokeza kwa unywele. Alivitupa kwenye mbabula, jiko lake la makaa, tukanywa chai. Shemeji alivaa miwani, akachukua kijiti alichokuwa amekibandika kwenye kalenda, akakisimamisha, akakitazama mara tatu, akapokea tairi jipya bila haya. Hapohapo akaniambia kuna mbuzi wawili wa kuchukua Jumatatu.

"Nauli ya mbuzi ni nusu ya mtu," nikamwambia.

Alikohoa. Nilingoja amalize kukohoa, nikamwachia dada salamu, nikaondoka.

Mama alikuwa uani, anageuza samaki juu ya kichanja. Nilishusha tairi lake na lile jipya. Alikwenda ndani, akarudi na Biblia, akatoa kijiti. Kilitokeza zaidi ya ukucha, mtu yeyote angeliona. Alikichomoa upesi, akakificha ndani ya kiganja.

"Acha, Tata," akasema. "Mi nilikuwa ndani. Sisi bote tuliikula. Rudisha hii ya karatasi, nakusamehe. Tutaendelea paka vile, Jumapili na Jumatano."

Alisema kwa upole, na "paka vile" yake, vilevile tu, aliimaanisha. Nikaona Jumapili zangu zote zimejipanga mbele yangu mpaka uzeeni, mimi kwenye usukani, kwaya nyuma, na hakuna siku ambayo ningeweza kusema leo siendi. Nilichuchumaa, nikaitoa rimu ya marehemu mumewe ndani ya tairi lake la zamani kwa vyuma vyangu, nikavalisha lile jipya, nikajaza upepo kwa pampu ya mguu. Jasho lilinitoka. Yeye alisimama juu yangu akilalamika muda wote.

"Unakataa musamaha? Mukristu anakataa musamaha?"

"Mama, nakataa."

"Juu ya nini?"

"Kijiti kimetokeza."

Nilifunga gurudumu mahali pake, nikaondoa mawe, gari la marehemu likasimama kwa miguu yake minne chini ya turubai. Mama alilizunguka. Aligusa karatasi iliyobaki kwenye mpira, akanikataza nisiibandue. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akaketi kwenye kigoda kama mtu anayeanza biashara.

"Sawa. Sasa sikudai," akasema. "Kesho kanisani, kwenda na kurudi, batu bane. Unatoza ngapi?"

Nikamtajia. Aliruka.

"Eh! Tata! Paka pale, karibu hivi?"

Akataja nusu. Nikapandisha kidogo. Akaleta habari za samaki. Tulibishana mpaka samaki wake wakaanza kuungua upande mmoja, na mwisho nilikubali bei ambayo sitaitaja hapa, kwa sababu wengine wanasoma. Niliingia garini, nikawasha. Mvua ilikuwa imeanza. Nilizunguka mtaa mzima bila kumpeleka mtu yeyote popote.